Cheti cha jina la biashara ninacho, mbona sabuni yetu inauzwa Kariakoo?

Swali: Assalamu alaykum. Mimi niko Wete, Pemba. Tuna kikundi cha wanawake kumi na wawili, tunatengeneza sabuni ya karafuu na mwani tangu 2017. Lebo yetu imeandikwa "Ukaya – Sabuni ya Karafuu Pemba", ina picha ya mwanamke aliyejitanda ukaya. Jina la biashara nimelisajili mimi mwenyekiti, cheti ninacho. Mwaka jana tulizipeleka kwenye maonesho ya biashara ya Sabasaba, Dar es Salaam, zikamalizika zote. Sasa mkwe wangu kaniletea sabuni aliyoinunua Kariakoo: jina ndilo hilo, rangi ndizo hizo, hata yule mwanamke ni huyo huyo, lakini haikutoka kwetu, na harufu ya karafuu haina. Naambiwa kwa kuwa cheti ninacho, naweza kumshitaki. Na mtoto wa dada yangu, aliyetuchorea picha ile akiwa bado mwanafunzi, anasema picha ni yake, tumlipe kwanza. Nianzie wapi?

Jibu: Waalaykum salaam, Bi Mwenyekiti. Nitaanza na hicho cheti, maana ndicho kilichokupa matumaini ambayo hakina uwezo wa kuyabeba.

Cheti cha jina la biashara kinaueleza umma kwamba nyuma ya jina fulani yupo mtu fulani, ili anayekukopesha au anayekudai ajue wa kumfuata. Kazi yake inaishia hapo. Hakikupi haki ya kumzuia mtu mwengine kulibandika jina hilo kwenye sabuni yake. Na wala si cheti hicho peke yake: leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, alama ya ubora ya ZBS, yaani Taasisi ya Viwango Zanzibar, ile milia ya kusomwa na mashine inayoanza na 620, vyote ni vitu vya lazima au vya maana kwa shughuli zake, lakini hakuna hata kimoja kinachokufanya mwenye jina. Wapo wajasiriamali wengi Unguja na Pemba walioyapanga makaratasi yote hayo ukutani kwenye fremu wakiamini wamekingwa. Kinachokinga jina la bidhaa ni kusajili alama ya biashara, na hiyo ina daftari lake na fomu yake.

Kwa Zanzibar sheria inayohusika ni Sheria ya Mali za Viwandani Namba 4 ya mwaka 2008, na daftari linashikwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, ambao wengi tunauita BPRA. Ndio wakala huo huo uliokupa cheti cha jina, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: ofisi moja, dirisha pengine moja, lakini haki mbili zisizofanana. Ukishasajiliwa, alama inadumu miaka 10 kuanzia siku ulipowasilisha ombi, kisha unaihuisha kwa miaka 10 mingine, na hivyo hivyo, hata wajukuu wakikua wakaikuta.

Sasa liko jambo linalowashangaza hata mawakili wanaokuja kutoka ng'ambo. Usajili wa Zanzibar hauvuki Chumbe. Alama za biashara hazimo katika orodha ya mambo ya Muungano, kwa hivyo Tanzania Bara wana sheria yao, ya mwaka 1986, na daftari lao linashikwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni wa huko. Anayesajili BRELA peke yake hana haki Zanzibar, na anayesajili BPRA peke yake hana haki Kariakoo. Hata muda haulingani: Bara usajili wa kwanza ni miaka 7, ndipo unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kwa hivyo wewe, unayetengeneza Wete na kuibiwa Dar es Salaam, unahitaji maombi mawili. Ningekuwa na fedha ya ombi moja tu leo ningeuliza soko langu kubwa liko wapi na mwizi yuko wapi; kwako majibu ni mawili tofauti, na ndiyo maana nakushauri mchangishane mpeleke yote mawili wiki moja. Huyo aliyethubutu kuchapisha lebo yenu hashindwi kupanda boti akaja kuliombea jina Unguja kabla yenu.

Kabla ya kuomba, tulitizame jina lenyewe, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi ya kwetu yanapokwama.

Lebo yenu ina sehemu mbili. "Sabuni ya Karafuu Pemba" ni maelezo tu. Inasema kitu ni nini, kimetiwa nini, kimetoka wapi. Maneno kama hayo hayatolewi kwa mtu mmoja, na ni haki yasitolewe: kesho kikundi cha Micheweni au Mkoani kikitaka kutengeneza sabuni ya karafuu, wataiitaje kama "karafuu" na "Pemba" ni mali ya Wete? Msajili akikubali lebo nzima, atakutaka ukane haki juu ya maneno hayo, yaani yabaki kwenye lebo lakini usidai kuwa ni yako. Wako watu wanaolipa ada, wanapata cheti cha lebo kama hiyo, kisha wanadhani wameifunga karafuu kwenye kibindo. Hawajaifunga.

"Ukaya" ni jambo jengine kabisa. Ukaya ni kitambaa cha kujitandia kichwani, hauna uhusiano wowote na sabuni. Kwa muuza nguo neno hilo lingekuwa dhaifu, kwa muuza sabuni lina nguvu. Kinachopimwa na msajili ni neno likiwekwa juu ya bidhaa fulani, si neno peke yake. Ndivyo kampuni ya Disney ilivyoweza, mwaka 2003, kupata usajili Marekani wa maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya fulana, maneno ambayo kila mtoto wa pwani anayasema. Kelele zilipigwa sana mwaka 2018 watu walipogundua. Lakini tizama maduka ya Mji Mkongwe: fulana za "Hakuna Matata" zimening'inia kila mlango na hakuna anayeulizwa, kwa sababu usajili wa Marekani unaishia Marekani, kama huo wako utakavyoishia Zanzibar usipoufikisha Bara.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: ombeni neno UKAYA peke yake, kwa herufi za kawaida, bila rangi wala picha. Neno likisajiliwa hivyo linakinga kila namna ya kuliandika. Likisajiliwa ndani ya nembo tu, mjanja atabadili mwandiko na rangi kisha aseme yake ni nyengine. Fedha ikiruhusu, picha ya yule mwanamke iombeni kwa ombi la pili. Maneno ya karafuu na Pemba yaacheni pale chini ya lebo yawaeleze wateja, hiyo ndiyo kazi yake. Na bendera ya Zanzibar, ambayo naona vikundi vingi wanapenda kuitia pembeni ili kuvutia wageni, itoeni kama ipo. Bendera na nembo za serikali hazisajiliwi na mtu binafsi.

Kwenye fomu utaulizwa makundi ya bidhaa. Dunia karibu nzima inatumia mpangilio mmoja wa makundi 45, bidhaa zikiwa kundi la 1 hadi la 34 na huduma la 35 hadi la 45. Sabuni ya kuogea, mafuta ya kujipaka, marashi, hata udi wa kufukiza, vyote viko kundi la 3. Viungo vya chakula ni kundi la 30. Siku mkifungua nyumba ya wageni ni la 43. Kila kundi lina ada yake, na Bara kila kundi linaombewa peke yake, kwa hivyo msijaze makundi kwa tamaa. Alama isiyotumika kwa miaka mfululizo inaweza kufutwa mtu akiomba. Ninyi leo ni kundi la 3. Kama mnafunga na viungo kwenye vipakti na kuviuza kwa jina hilo hilo, ongezeni la 30. Basi.

Sasa nani awe mwenye alama? Umeniandikia "jina nimelisajili mimi", na sentensi hiyo imenitia wasiwasi kuliko yule wa Kariakoo. Alama ya biashara ni mali kama shamba la mikarafuu. Ikiandikwa kwa jina lako ni yako wewe, si ya wanawake kumi na wawili, hata kama wote mnajua moyoni vyengine. Siku Mungu akikuita, itaingia katika mirathi. Watoto wako, mumeo, wazee wako kama wapo, kila mmoja na fungu lake, na wale wenzako kumi na mmoja waliokoroga sabuni pamoja nawe miaka yote watakuwa wageni mbele ya Kadhi. Hapo kabla hatujataja ugomvi wa walio hai: mwenyekiti akibadilishwa, akaondoka na jina. Nimeona vikundi imara vikivunjika kwa jambo hilo moja.

Kikundi chenu kisajilini kwanza kiwe na uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake, iwe ni ushirika au kampuni, kisha ombi la alama liwe kwa jina la kikundi. Kama muda unabana na hamna budi kuomba kwa jina lako ili kumtangulia mwizi, omba, lakini siku hiyo hiyo mwandikiane hati kwamba unaishikilia kwa niaba ya kikundi na utaihamisha kikishasajiliwa. Uhamisho nao uandikishwe BPRA, usibaki kabatini. Lile jina la biashara ulilosajili nalo lihamie huko.

Nitaje kidogo alama ya pamoja, maana sheria ya 2008 inaijua. Hiyo inafaa pale vikundi vingi, tuseme vya Pemba nzima, vinapotaka kutumia alama moja kwa masharti yaliyokubaliwa: karafuu kiasi gani, mwani wa aina gani, nani anakagua. Sheria inaijua pia dalili ya asili ya kijiografia, ambayo ndiyo njia ya kulilinda jina lenyewe la Pemba kwenye karafuu zake. Hilo ni la wazalishaji wote pamoja na serikali, hasa kwa zao ambalo mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Kikundi kimoja hakiliwezi, wala kisijaribu.

Mtoto wa dada yako. Najua amekuudhi, na pengine umesema maneno. Lakini sheria iko upande wake kwa sasa, na hilo ni bahati yenu. Picha ni kazi ya sanaa. Chini ya sheria ya hakimiliki, Zanzibar ni ile ya mwaka 2003 inayosimamiwa na ofisi ya hakimiliki, COSOZA, haki inazaliwa kalamu inapogusa karatasi na inaanza mikononi mwa mchoraji, bila kusajiliwa popote. Kumnunulia muda wa maongezi au kumpa sabuni katoni mbili hakukuihamisha. Mkiomba alama yenye picha yake bila ya ridhaa yake, anaweza kuwawekea pingamizi, na ana hoja.

Upande wa bahati ni huu. Yule wa Kariakoo hakunakili jina tu, kanakili picha. Alama yenu Bara haijasajiliwa, lakini hakimiliki ya picha haingoji usajili, na mchoraji ni Mtanzania anayelindwa na sheria ya Bara ya 1999 vile vile. Kwa maneno mengine, silaha ya haraka kuliko zote mnazoweza kuipata iko kwa mpwa wako. Mkalisheni chini na mama yake awepo. Kubalianeni bei ya haki, mlipeni, naye asaini hati fupi inayosema ameihamishia kikundi hakimiliki yote ya picha ile, kwa matumizi yote, Zanzibar, Bara na nje, pamoja na haki ya kudai kwa waliokwisha kuinakili. Hati iwe na tarehe, mashahidi, na picha yenyewe ibandikwe ndani yake ili kesho mtu asibishane ni picha ipi. Aseme pia aliichora mwenyewe; vijana siku hizi huokota vitu mtandaoni wakavipaka rangi. Kama aliitoa mahali, bora mjue leo, kabla ya wakili wa upande wa pili kujua.

Tuje kwa mwenye duka. Kwanza, usimpigie simu kumtukana na usimtangaze Facebook. Ukimtisha atafanya mambo mawili, ataficha mzigo na atakimbilia BRELA. Mwambie mkwe wako arudi kwa utulivu, anunue nyengine mbili tatu, adai risiti, apige picha rafu, boksi, na jina la duka. Boksi huwa linasema mengi kuliko sabuni: namba ya mzigo, mara nyengine jina la mchapaji. Anayeuza rejareja Kariakoo mara nyingi siye aliyetengeneza, na ninyi mnamtaka aliyetengeneza.

Wakati huo huo fanyeni upekuzi kwenye daftari la BRELA na la BPRA kuona kama kuna aliyeomba "Ukaya" au jina linalofanana nalo kwa sauti. Linalofanana kwa sauti linahesabiwa, kwa hivyo waambieni watafute na "Ukaaya" na "Okaya". Matokeo yanaweza kuja kwa sura tatu.

Kama hakuna aliyeomba, wekeni ombi lenu siku hiyo hiyo. Kisha wakili amwandikie barua mwenye duka na mtengenezaji. Hata kabla cheti hakijatoka, mahakama za Bara zinaijua kesi ya mtu anayeuza bidhaa yake akiwadanganya watu kuwa ni ya mwengine, ila mzigo wa kuthibitisha ni wenu: kwamba wateja wa huko walikuwa wanaijua Ukaya yenu, kwamba wamedanganyika, kwamba mmeathirika. Hapo Sabasaba itawafaa sana. Tafuteni risiti ya banda, picha zenye tarehe, daftari la mauzo, ujumbe wa WhatsApp wa waliotaka kuagiza zaidi, ankara ya mchapaji wa lebo ya 2017. Tume ya Ushindani ya Bara nayo ina mamlaka juu ya bidhaa bandia kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, lakini malalamiko yenu yatakuwa na uzito mkubwa zaidi mkiwa na usajili mkononi.

Kama ameomba na ombi limetangazwa kwenye jarida la BRELA, hesabuni siku. Kwa sheria ya Bara muda wa pingamizi ni siku 60 tangu tangazo. Msajili hawezi kujua historia ya Wete, na hatakufuata kukuuliza. Kikoi kingekuwa mfano mchungu kwa hili: mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kusajili "kikoy". Watu wa upande wa Kenya waliokuwa wakivisafirisha waliamka, wakaweka pingamizi ndani ya muda, na ombi lile likaachwa. Wangelala, pengine leo mfumaji wa pwani angeomba ruhusa kulitumia jina la nguo ya babu yake kwenye soko la London.

Kama amekwisha kusajiliwa, ni kazi ndefu na ya gharama: kuomba usajili wake ufutwe kwa kuwa aliomba kwa nia mbaya akijua jina ni la wengine. Hapo tafuta wakili anayefanya mambo ya alama hasa. Wa mirathi na hati za mashamba, hata awe hodari vipi, atajifunzia kwenye kesi yako.

Mwendo wa ombi lenyewe si mgumu. Unajaza fomu, unaambatisha alama jinsi inavyoonekana, unaorodhesha bidhaa, unalipa ada na kudai namba ya malipo ya serikali badala ya kumpa mtu mkononi. Ombi linachunguzwa, likipita linatangazwa ili mwenye kupinga apinge, kisha cheti. Tarehe inayohesabika katika kushindana ni ile ya kuwasilisha ombi, kwa hivyo stakabadhi yenye muhuri na saa itunze zaidi hata ya cheti cha kwanza. Wakala wa kujaza fomu si lazima kwa mtu wa hapa hapa Zanzibar, ila ukipata barua ya msajili inayokataa alama, usiijibu peke yako kwa hasira. Ina muda wake wa kujibiwa na hoja zake.

Baada ya ombi kuingia mnaweza kutia herufi ndogo ™ pembeni ya jina. Ile ® ya kwenye duara, inayosema jina limekwisha kusajiliwa, ngojeni cheti. Kuitia kabla ni kuwaambia watu uongo, na aliyeibiwa akikutwa na uongo wake kwenye lebo anadhoofisha kesi yake mwenyewe. Cheti kikitoka, litumieni neno kama mlivyolisajili. Msije mkaanza "Ukaya Bint", "Ukaaya Gold" na mengineyo kwa kufuata mchapaji.

Kwa Zanzibar, sabuni na vipodozi vinasimamiwa pia na Wakala wa Chakula na Dawa. Kama bado hamjaandikisha bidhaa huko, andikisheni kabla ya kumshitaki mtu yeyote, maana swali la kwanza la upande wa pili litakuwa kama ninyi wenyewe mna ruhusa ya kuuza.

Mombasa hukuiuliza, lakini kutoka Wete ni karibu kuliko Dar es Salaam na najua biashara inavyokwenda. Kule daftari liko kwa KIPI, taasisi ya mali za viwandani ya Kenya, na usajili wa Unguja wala wa Bara hautambuliki. Ngojeni mpaka muwe na mnunuzi wa kweli huko, ila msimkabidhi yeye kazi ya kuwasajilia. Msambazaji akisajili jina kwa jina lake "ili kuwasaidia", siku mkitaka kubadilisha msambazaji mtamkuta yeye ndiye mwenye Ukaya ya Kenya.

Na lebo mpya, tafadhali, msichapishe elfu tano kabla majibu ya upekuzi hayajarudi.